Heda za gridi kwenye dizaina ya fomu: kwanini ukibadilisha rangi haibadiliki, na nani hasa anaamua

Kuna swali nimeulizwa na vijana wanaoanza kutengeneza programu za Windows mara nyingi mpaka nimeamua nikae niliandike lote kwa mkupuo. Swali lenyewe ni hili: nimeweka gridi (jedwali la kuonyesha data) kwenye fomu, nimeenda kwenye dirisha la propati (sifa za kitu, kama rangi na ukubwa), nimetafuta mahali pa rangi ya heda (kichwa cha kolamu) nikaweka kijani, nimebonyeza OK, na heda imebaki vilevile, hata nikiendesha programu bado ile ile. Mtu anafuta gridi anaweka nyingine, anafunga Visual Studio (programu ya kutengenezea programu) anafungua tena, anaanza kuhisi kompyuta ina tatizo. Kompyuta haina tatizo. Tatizo ni kwamba heda ya kolamu ina wakubwa wengi na wewe umeongea na mmoja tu, tena sio yule mwenye neno la mwisho.

Naongelea DataGridView, gridi ya Windows Forms (sehemu ya .NET, jukwaa la programu la Microsoft, ya kutengenezea fomu za Windows), ile iliyokuja na .NET Framework 2.0 na Visual Studio 2005 kuchukua nafasi ya DataGrid ya zamani. Najua wengi wamehamia kwenye wavuti, lakini programu za dukani, za ghala, za ofisi ndogo za mikopo, nyingi bado zinakaa kwenye kompyuta moja mezani bila intaneti ya uhakika, na hizo karibu zote zina gridi katikati ya fomu. Mfano nitakaoutumia humu ni fomu niliyotengeneza kwa ajili ya kikoba kimoja, kolamu zake ni Namba ya Mwanachama, Jina Kamili, Hisa, Akiba, Mkopo, Riba, Marejesho na Salio. Kolamu nane tu lakini zilinifundisha mambo mengi.

Kitu cha kwanza cha kushika, na ukikishika hiki nusu ya safari umemaliza: heda sio sehemu ya kolamu kwa namna unavyodhani. Ukiangalia kwa macho unaona kolamu moja ndefu, juu kuna jina, chini kuna data, unaona ni mwili mmoja. Ndani ya programu heda ni seli inayojitegemea, inaitwa HeaderCell, ina stail yake (rangi, fonti na mpangilio), ina ukoo wake wa kurithi, na ukoo huo ni tofauti na wa seli za chini. Kolamu inaishika tu kama mtu anavyoshika kofia mkononi.

Sasa turudi kwenye rangi. Unabofya gridi, kwenye propati unatafuta ColumnHeadersDefaultCellStyle, unabofya vile vidoti vitatu pembeni, kinafunguka kidirisha cha kupanga stail, unaweka BackColor kijani, ForeColor nyeupe, unakubali. Hapo hujakosea kitu. Umeweka stail mahali sahihi kabisa. Ila kuna propati nyingine inaitwa EnableHeadersVisualStyles, na yenyewe toka mwanzo imewekwa True. Maana yake ni kwamba kama Windows ina themu (mwonekano wake wa pamoja), na tangu Windows XP ya mwaka 2001 inayo, basi heda zichorwe na themu ya Windows na rangi yako ya nyuma iwekwe pembeni. Haifutwi, ipo pale pale kwenye faili, ila hakuna anayeisoma. Weka False na kijani chako kinatokea hapo hapo kwenye dizaina (pale unapopanga fomu kwa mouse) hata kabla hujaendesha programu.

Na hii propati haikai karibu na ile ya stail. Kama propati zako umezipanga kwa alfabeti, moja iko kwenye C nyingine kwenye E, na hakuna kitu chochote kwenye kidirisha cha stail kinachokwambia kwamba unachofanya hakitaonekana. Kwa maoni yangu hili ndo kosa kubwa la dizaina hii, mtu anaruhusiwa kuchagua rangi, anaonyeshwa sampuli ya rangi kwenye kidirisha, halafu anaachwa. Mpaka wa heda nao una shida hiyo hiyo, ukibadilisha ColumnHeadersBorderStyle wakati themu iko kazini huoni tofauti.

Ukishazima themu kuna kitu kingine kinajitokeza ambacho mwanzo kilikuwa kimejificha. Kama gridi yako inachagua mstari mzima, yaani SelectionMode ni FullRowSelect, unaweza kubofya mstari ukaona heda ya ile kolamu uliyobofya inageuka bluu. Watu wanashtuka. Ni kwamba stail ya heda ina rangi mbili za nyuma, ya kawaida na ya kuchaguliwa, na ile ya kuchaguliwa dizaina imeijaza rangi ya uteuzi ya Windows. Dawa yake mstari mmoja:

gridi.ColumnHeadersDefaultCellStyle.SelectionBackColor = gridi.ColumnHeadersDefaultCellStyle.BackColor;

au unaiweka mwenyewe kwenye kile kidirisha, rangi zote mbili zifanane, na ya maandishi pia.

Haya, ukoo wa kurithi. Seli ya heda ikitaka kujua ivae nini inauliza kwa mpangilio huu: kwanza inaangalia stail yake yenyewe, HeaderCell.Style. Kama huko hakuna kitu inaenda kwa ColumnHeadersDefaultCellStyle ya gridi. Kama na huko hakuna inaenda kwa DefaultCellStyle ya gridi nzima. Basi, ngazi tatu. Angalia ambaye hayupo kwenye orodha: DefaultCellStyle ya kolamu. Hiyo ni ya seli za data tu. Kwa hiyo ukienda kwenye kolamu ya Akiba ukasema maandishi yakae kulia, maana ni namba na namba lazima zipangwe kulia ili mamia yakae chini ya mamia, zile namba zitaenda kulia na neno "Akiba" litabaki kushoto, na gridi itaonekana kama imepinda. Nimeona fomu nyingi za kazi ziko hivyo, heda kushoto data kulia, mhasibu anasoma "Riba" anashuka na jicho anakutana na nafasi tupu. Sio uzembe, mtu aliweka mpangilio kwenye kolamu akaamini heda itafuata.

Sasa unataka heda ya Akiba peke yake iende kulia, unafungua dirisha la kuhariri kolamu, lile unalolipata kwa kubofya kile kimshale kidogo kwenye kona ya juu ya gridi halafu Edit Columns. Unatafuta HeaderCell. Haipo. Utaona HeaderText, utaona ToolTipText, Width, Frozen, SortMode, DefaultCellStyle, lakini HeaderCell imefichwa isionekane kwenye dizaina. Kwa hiyo heda zote kwa pamoja unaweza kuzipanga kwa mouse, ila heda moja moja ni lazima uandike kodi:

colAkiba.HeaderCell.Style.Alignment = DataGridViewContentAlignment.MiddleRight;

Mistari hii iweke kwenye konstrakta ya fomu (kodi inayoendeshwa fomu ikiundwa) chini ya InitializeComponent (amri inayojenga vitu ulivyovipanga kwenye dizaina), au kwenye Load (fomu inapofunguka). Usiiweke ndani ya faili la Designer.cs, lile ambalo dizaina inaandikia kodi yake. Najua inavutia kwa sababu ukifungua lile faili unaona kila kitu kimepangwa vizuri, dataGridViewCellStyle1, dataGridViewCellStyle2, unasema ngoja niongeze na wangu hapa. Dizaina inaandika upya InitializeComponent kila ukigusa fomu, na inaandika kile inachokijua yenyewe. HeaderCell haiiandiki. Siku utasogeza batani moja tu ukahifadhi, mstari wako umeondoka na hutajua umeondoka lini.

Nikiwa hapo hapo kwenye Designer.cs kuna jambo la fonti. Kabla hujagusa stail ya heda, fonti ya heda inafuata fonti ya gridi, ukikuza ya gridi na heda zinakua. Lakini ukishafungua kile kidirisha cha stail ukabadilisha chochote, hata rangi tu, dizaina inaandika stail nzima pamoja na fonti, na kwenye miradi ya .NET Framework utaikuta imeandikwa Microsoft Sans Serif 8.25. Kuanzia hapo heda imekatika, haifuati tena. Hii inauma zaidi ukihamisha mradi kwenda .NET mpya, maana tangu .NET Core 3.0 fonti ya kuanzia ya fomu ni Segoe UI 9, unakuta fomu yote imehama na heda zimebaki na fonti ya zamani, ndogo kidogo, unaona kuna kitu hakijakaa sawa lakini huwezi kukitaja. Fungua Designer.cs tafuta neno Font utakuta wapi imeganda.

Majina nayo yanawachanganya watu. Kolamu moja ina majina matatu na kila moja lina kazi yake. Name ni jina la ndani, la kwako kwenye kodi, colAkiba. DataPropertyName ni jina la kule data inakotoka, labda kwenye jedwali la hifadhidata inaitwa savings_amt. HeaderText ni kile anachosoma mtu. Mtu akibadilisha HeaderText hakuna kodi itakayovunjika, badilisha utakavyo, weka nafasi, weka mabano ya TSh. Ukibadilisha DataPropertyName bila kujua, kolamu inakuwa tupu. Ni rahisi kukumbuka hivi: HeaderText ni ya macho, Name ni yako, DataPropertyName ni ya data.

Halafu lile la kolamu kujizaa. Umekaa umetengeneza kolamu zako nane kwenye dizaina, heda nzuri za Kiswahili, halafu kwenye kodi unasema gridi.DataSource = jedwali (yaani chukua data humu), unaendesha, unakuta kolamu kumi na sita: nane zako tupu na pembeni nane nyingine zenye data na heda kama member_no na savings_amt. Hii inatokana na AutoGenerateColumns, ambayo imeanza na True na haionekani kabisa kwenye dirisha la propati. Kama ulichagua chanzo cha data ndani ya dizaina yenyewe, dizaina inakuzimia. Kama unaunga data kwa kodi, zima mwenyewe kabla ya kuweka DataSource, na hakikisha kila kolamu DataPropertyName yake inalingana na jina lililo kwenye jedwali. Kuna wanaoamua kuacha kolamu zijizae halafu wanabadilisha heda baadaye, sawa, inafanya kazi, ila subiri eventi (tukio linaloiamsha kodi yako) ya DataBindingComplete, yaani data ikimaliza kuungwa, ndo ubadilishe, ukifanya mapema zaidi kolamu hazipo bado. Na kama data yako ni orodha ya madarasa (class) yako mwenyewe na sio DataTable (jedwali la data la .NET), weka DisplayName juu ya propati ya darasa na heda itaichukua hiyo. Mimi binafsi napenda kolamu nizitengeneze mwenyewe zote, kwa sababu jedwali likiongezwa kitu kesho sitaki kitokee kwenye macho ya mwanachama bila mimi kujua.

Kimo na kukunja maandishi. Hapa Kiswahili kinadai heshima yake. Mifano mingi unayoikuta kwenye intaneti ina heda kama "Qty" au "DOB", herufi tatu, upana wowote unatosha. Sisi tuna "Tarehe ya Kuzaliwa", tuna "Namba ya Mwanachama", tuna "Kiasi Kilichorejeshwa". Kolamu inayotoka dizaina ina upana wa pikseli 100 na "Namba ya Mwanachama" haitoshi humo kwa mstari mmoja. Njia ya mkato ambayo watu wengi wanaifuata ni kufupisha, "Nmb Mwnch", na mimi naipinga kabisa, kwa sababu anayesoma ni katibu wa kikoba na hajakaa na wewe wakati unabuni vifupisho. Acha heda ijikunje. WrapMode kwenye stail ya heda dizaina inaiweka True, na ColumnHeadersHeightSizeMode ikiwa AutoSize, ambayo dizaina ndo inakuwekea, gridi itakuza kimo yenyewe mpaka maneno yote yaonekane. Gharama yake ni kwamba ukiwa kwenye AutoSize, namba unayoiweka kwenye ColumnHeadersHeight haifanyi kitu. Ndo maana mtu anaandika 40, anaona 23. Ukitaka kimo chako mwenyewe badilisha kwanza kuwa DisableResizing, au EnableResizing kama unataka mtumiaji aweze kuvuta.

Kukata mstari mahali unapotaka wewe, mfano "Kiasi" juu na "Kilichorejeshwa" chini, kwenye dirisha la propati ukiandika \n itakuja kuonekana hivyo hivyo kama herufi. Iandike kwenye kodi. Na maelezo marefu, kama riba inavyopigwa au salio ni la tarehe ipi, yaweke kwenye ToolTipText ya kolamu, mtu akisogeza mouse juu ya heda anayaona. Hiyo propati ya kolamu ni ya heda, sio ya seli za chini, na watu wachache sana wanaitumia wakati ni msaada mkubwa.

Kuna hili dogo la kuweka heda katikati. Unasema MiddleCenter, unaangalia, neno limesogea kidogo kushoto, haliko katikati. Unahesabu pikseli. Sababu ni kale kamshale ka kupanga data, ambako kanatengewa nafasi yake upande wa kulia hata kama bado hakajaonekana. Kolamu za maandishi zinakuja na SortMode ya Automatic, kwa hiyo nafasi inatengwa. Ukiweka NotSortable nafasi inarudi na neno linakaa katikati kweli. Lakini fikiria kwanza kama unataka kumnyima mtu kupanga majina kwa alfabeti kwa ajili ya pikseli chache. Mimi nanyima kwenye kolamu ambazo kuzipanga hakuna maana, nyingine naziacha. Na kama umeunga List ya kawaida badala ya DataTable, kubofya heda hakutapanga kitu hata ukiwa na Automatic, kwa sababu List yenyewe haijui kupanga kwa niaba ya gridi, DataTable inajua.

Sasa lile gumu kuliko yote, heda ya ngazi mbili. Mweka hazina wa kikoba aliniomba juu ya Mkopo, Riba na Marejesho paandikwe neno moja "MIKOPO" lililofunika kolamu zote tatu, kama daftari lao lilivyo. Ombi halali kabisa, daftari la karatasi wamelizoea miaka. DataGridView haina hicho kitu, hakuna propati ya kuunganisha heda, utafute mpaka kesho. Unachora mwenyewe. Nilivyofanya: nimezima AutoSize, nimeweka kimo 46, maandishi ya heda nimeyasukuma chini kwa BottomCenter ili nusu ya juu ibaki wazi, halafu kwenye eventi ya Paint ya gridi (gridi inapojichora) nachukua eneo la kila heda kwa GetCellDisplayRectangle, ambapo unampa namba ya kolamu na mstari unasema -1, maana kwa gridi heda ni mstari wa namba -1. Naunganisha yale maeneo matatu, nachukua nusu ya juu, najaza rangi, naandika neno kwa TextRenderer.

Inaonekana rahisi mpaka mtu avute gridi kwenda kulia. Kolamu ikishatoka nje ya skrini, GetCellDisplayRectangle inakurudishia eneo tupu, lenye sifuri kila mahali, na ukiliunganisha na mengine bila kuangalia, boksi lako la "MIKOPO" litanyooka mpaka kona ya kushoto kabisa ya gridi na kufunika sehemu ya juu ya heda nyingine. Kwa hiyo ruka kila eneo lililo tupu, unganisha yaliyobaki tu. Pia kwenye eventi za Scroll na ColumnWidthChanged iambie gridi ijichore upya kwa Invalidate, la sivyo mabaki ya mchoro wa zamani yanabaki yametapakaa. Na AllowUserToOrderColumns iache False kama ilivyokuja, maana mtu akihamisha Riba akaipeleka mwisho, neno "MIKOPO" litafunika na vitu visivyokuwa mikopo.

Kama huhitaji ngazi mbili ila unataka kuchora heda moja kwa namna yako, labda kuweka picha ndogo au mstari mnene chini yake, tumia CellPainting badala ya Paint. Unauliza kama e.RowIndex ni -1 na e.ColumnIndex ni ile unayoitaka, unachora nyuma kwanza kwa e.PaintBackground, unaweka vitu vyako, unamaliza na e.Handled = true. Ukisahau hiyo ya mwisho gridi inachora tena juu ya kazi yako na unabaki unajiuliza mchoro umekwenda wapi.

Nimalizie na lugha, kwa sababu kikoba kile kilikuja kupata wanachama wanaotaka fomu kwa Kiingereza pia. Usitengeneze fomu mbili. Kwenye fomu weka Localizable kuwa True, halafu badilisha Language kuwa lugha nyingine, ukiandika HeaderText wakati huo inaingia kwenye faili la resx (linalotunza maneno ya fomu) la lugha hiyo, na upana wa kolamu nao unaweza kuwa tofauti kwa kila lugha, jambo ambalo kwa maneno yetu marefu ni la lazima. Lugha ya kuonyesha, CurrentUICulture, iweke kabla ya InitializeComponent haijaitwa, ikichelewa fomu imeshachukua maneno ya mwanzo. Na pitia ile mistari yako ya chini ya InitializeComponent: ile ya rangi na mpangilio iache, lakini kama kuna mahali uliandika HeaderText kwa mkono, zikiwemo zile ulizokata mstari kwa \n, itafuta tafsiri kila mara fomu ikifunguka na utabaki na heda moja ya Kiswahili katikati ya saba za Kiingereza. Zihamishie kwenye resx zote. Ukilifungua faili la resx lenyewe, humo unaweza kukata mstari kwa Shift na Enter, kwa hiyo hata "Kiasi Kilichorejeshwa" inapata mistari yake miwili bila kodi yoyote.